Mgonjwa wa Mtihani

Kama hujawahi kumwona mtu anayevimba kichwa kwa kazi ya kujifanya mgonjwa, basi hujamwona Mjomba. Kila siku ya kazi alifika kliniki ya uraibu na shati lililopigwa pasi na viatu vya kung'aa, kabla hata mlinzi hajafungua geti dogo. Kisha alivua vyote hivyo, akavaa fulana iliyochakaa na kandambili, moja nyekundu na moja ya bluu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti mbele ya madaktari na kuwadanganya.

Kuwadanganya kwelikweli. Miaka kumi na mitano ya maisha yake iliishia kwenye unga, na mtu wa unga akikosa kila kitu, uongo haukosi. Aliwadanganya polisi, mwajiri, mwenye nyumba, na zaidi ya wote dada yake wa tumbo moja, aliyempokea, akamfukuza, akampokea tena, akamfukuza tena. Aliwahi kuuza viatu vya shule vya mpwa wake, binti wa huyo dada, siku moja kabla shule haijafunguliwa, kisha akasaidia kuvitafuta chini ya vitanda vyote akiwa ameshika tochi. Haya, niambie wewe, huyo utamwita nani? Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja bila kugusa unga, na hospitali ilikuwa imemwajiri kwa uongo ule ule. Alipenda kusema kwamba hakuna daktari aliyekaa darasani muda mrefu kama yeye.

Mkuu wa kliniki alikuwa daktari mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya gwaride, na kila mtu alimwita Komanda. Zamani mraibu akifika hospitali alipigwa danadana: daktari wa akili anasema huyu si wangu, wa ini anasema si wangu, na mwisho mlinzi anaonyeshwa mlango wa kumtolea. Komanda alichoka. Akaandika barua, akagonga milango, akawakalia watu kooni, mpaka akaruhusiwa kuanzisha kozi ya miaka miwili ya kutengeneza madaktari bingwa wa uraibu. Alipewa madaktari wanne, kwa majaribio. Siku ya kwanza aliwavua makoti meupe akawapanga foleni ya dirisha la dawa pamoja na wagonjwa, saa nzima, juani, bila maji. Siku ya pili akamleta Mjomba.

"Mimi nitawafundisha dawa," aliwaambia. "Huyu atawafundisha kuuliza. Ukifeli kwake, umefeli kwangu."

Mmoja wa wale wanne alikuwa mpwa wake. Ndiyo, yule yule wa viatu. Alikuwa ameshakuwa daktari wa kawaida mwenye chumba chake na jina lake mlangoni, akaacha vyote akaja kuanza upya. Alipoulizwa sababu alijibu tu kwamba ameipenda fani. Yeye ndiye aliyekuwa akimwita "Mjomba" ukumbini mbele za watu, bila aibu, na wengine wakadaka, mpaka wagonjwa, mpaka Komanda mwenyewe.

Somo la Mjomba lilikuwa moja, na alilirudia mpaka likawatoka puani. Mgonjwa wa kliniki ile huja kila siku kunywa kikombe kidogo cha dawa ya maji, nayo humzuilia arosto, yale mateso ya mwili unaodai unga: miayo, makamasi, jasho, mifupa kuuma. Akikosa siku mbili, si neno, anapewa kipimo chake kilekile. Akikosa tano, mwili umeshasahau, na kikombe alichokizoea kinaweza kumlaza asiamke. Kwa hiyo kila aliyekosa lazima aulizwe, na kila anayeulizwa hudanganya, maana anataka kikombe kizima.

"Umekosa siku ngapi?" daktari wa kwanza alimuuliza Mjomba siku ile ya pili.

"Mbili tu, daktari."

"Sawa," daktari akaandika.

"Umeshaniua," Mjomba akasema, akajilaza chali sakafuni. Darasa zima halikuwa na mbavu. Yeye akainuka, akajipangusa vumbi. "Msicheke, nimekufa kweli. Ukiniuliza siku ngapi, nakupa namba. Namba haina jasho. Niulize siku yenyewe! Mara ya mwisho kumeza nilikuwa wapi? Nani alikuwa karibu? Saa ngapi? Uongo wa namba ni mwepesi, lakini uongo wa siku nzima unachosha, na mimi ni mgonjwa, sina nguvu hizo. Nitateleza tu."

Miaka miwili ikapita hivyo, ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Baraza la madaktari lilituma watahini wawili, na wao ndio wangeamua nani anapita, na kama kozi itaendelea au itafungwa. Wa kwanza alikuwa mfamasia aliyekumbatia kitabu cha kanuni muda wote kana kwamba kitamtoroka. Kabla ya chai Mjomba alishambatiza Mama Kanuni. Wa pili alikuwa daktari mpasuaji, mkubwa wa cheo na wa umri, suti ya vipande vitatu kwenye joto lile. Huyo akawa Bwana Suti. Alitembea wima sana, taratibu, na kukaa kwake kulikuwa kwa awamu, maana aliwahi kupasuliwa mgongo.

"Yaani," Bwana Suti alimuuliza Komanda, "madaktari wenye shahada zao wanafundishwa na huyu bwana?"

"Huyu bwana ndiye mimi, mheshimiwa," Mjomba akadakia. "Karibu sana."

Umeme ulikatika asubuhi, mtihani ukachelewa kuanza kwa saa tatu nzima. Hatimaye watahini walikaa chumba cha nyuma, kwenye kioo kinachoona upande mmoja, wakisikiliza kwa kipaza sauti. Mbele, kwenye chumba cha daktari, kila mtahiniwa alikuwa na dakika kumi na mbili za kumhoji mgonjwa na kuamua kipimo. Karatasi ya mgonjwa ilikuwa imeandikwa na Mjomba mwenyewe: sema siku mbili, ukibanwa vizuri, kiri tano. Wale watatu wa mwanzo walimbana. Wa tatu, kijana mrefu kama nguzo, alijisahau akauliza "siku ngapi," akajishika mdomo, akaanza upya. Mjomba alitoka kila mara akijidai kama mwenye harusi.

Ikafika zamu ya mpwa wake. Ilikuwa saa nane na nusu mchana.

"Hapo hapana," Mama Kanuni akasema, kidole kikiwa kwenye mstari. "Ndugu hampimi ndugu. Atafutwe mgonjwa mwingine."

Mwingine hakuwepo. Komanda alianza kuhangaika, na Mjomba alikuwa ameshavua kandambili kwa hasira, ndipo Bwana Suti alipoinuka, kwa awamu zake.

"Nipeni hiyo karatasi. Kumwigiza mtu wa unga kuna ugumu gani?"

Akavua koti na kizibao, akakunja mikono ya shati, akavaa kandambili za Mjomba. Mjomba aliona mbavu zinamtekenya. Alikwenda chumba cha nyuma akakaa karibu na kioo, tayari kuona kichekesho.

Lakini, loo! Yule mzee alijua. Alikaa kitini akajikunyata. Akapiga mwayo, mkubwa, wa kutoa machozi. Akafuta pua kwa kiganja. Akapiga mwayo mwingine. Akasugua mapaja juu chini, juu chini, kama mtu anayejipasha moto. Mjomba alishikwa na wivu waziwazi. Miaka yote ile alijiona ndiye bingwa, na sasa mpasuaji wa suti anampiku kwa siku moja.

Mpwa akaingia. "Shikamoo, baba. Karibu."

"Marahaba. Daktari, nimekosa dawa. Siku mbili tu."

"Pole sana. Hesabu tuziache kwanza. Mara ya mwisho kumeza, ulikuwa wapi?"

Jibu la karatasi lilikuwa: dirishani. Bwana Suti alitazama karatasi, akatazama sakafu.

"Bafuni," akasema.

"Nani alikuwa karibu?"

"Hakuna. Mke wangu alikuwa bado amelala."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Alfajiri ya siku gani, baba?"

"Ya leo."

"Ala!" Mama Kanuni akafunua kurasa chumba cha nyuma. "Mwenzangu amesahau maneno yake." Komanda alikuwa ameinamia fomu ya alama, akiandika mbio. Mjomba hakucheka. Macho yake yalikuwa yametua kwenye mkono wa Bwana Suti, pale shati lilipokunjwa. Feni ya chumba kile ilikuwa mbovu, kila mtu anatota jasho, na vinyweleo vya mkono ule vilikuwa vimesimama vyote, ngozi imevimba vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa. Mwayo unaigizwa. Makamasi yanaigizwa ukijua kuyavuta. Vinyweleo haviigizwi, na kama kuna mtu duniani aliyejaribu, ni Mjomba.

Mpwa naye alikuwa ameona. Aliushika ule mkono kama anayepima mapigo, akainama karibu.

"Baba," akauliza taratibu, "bado tunaigiza?"

Bwana Suti akaanza kuushusha mkono wa shati. Mpwa akasimama, akaja mpaka kwenye kioo, akavuta pazia. Kisha kipaza sauti kikalia kakakaka kikazimwa.

Chumba cha nyuma kikalipuka. "Anafanya nini huyu? Hairuhusiwi! Hairuhusiwi kabisa!" Mama Kanuni akafoka. Komanda aliinuka, akaketi, akainuka. Kengele ya dakika kumi na mbili ikalia. Ikafika ishirini. Ikafika thelathini. Mama Kanuni alikwenda kugonga mlango, na sauti ya mpwa ikajibu kwa upole kwamba wasubiri. Mjomba alikaa pale pale, mikono katikati ya magoti. Alijua kinachoendelea nyuma ya pazia kama anayekitazama. Ni vidonge vya maumivu, vile vikali, vilivyoanza na mgongo na havikukoma mgongo ulipopona. Na nani wa kumwandikia vidonge mpasuaji mkubwa? Mwenyewe. Daktari anajiandikia, anajipa, anajiambia leo ni ya mwisho, na kwa kuwa mkono unaoandika ni wa daktari, hauiti jambo hilo kwa jina lake. Leo umeme ulikatika, siku ikarefuka, na dozi aliyoizoea ikawa mbali.

Dakika arobaini zilipotimia mlango ulifunguka. Bwana Suti alipita akiwa amevaa koti lake, hakumtazama mtu, akashika ukumbi akaenda zake. Mpwa akaja chumba cha nyuma, akasimama mbele yao.

"Nimeuvunja mtihani," akasema. "Samahani."

"Sababu?" Komanda akauliza.

"Siwezi kuitaja, daktari."

"Alikupa majibu?" Mama Kanuni akamkazia macho.

"Hapana."

"Basi mlijifungia kufanya nini?"

"Siwezi kusema."

Mama Kanuni akafungua kitabu akasoma, neno kwa neno, kwamba mtahiniwa atakayekutana faragha na mtahini, matokeo yake yote yafutwe. Si kurudia kituo hicho cha mtihani wala kurudia mwaka. Kufutwa. Miaka miwili ya foleni za juani, ya vitabu, ya kuacha chumba chenye jina lake mlangoni, yote kapuni.

Komanda aliishiwa sauti ya gwaride. "Mwanangu," akasema, "nipe neno moja tu. Nitalipigania mpaka kwa waziri. Lakini nipe."

Mpwa akatikisa kichwa. Macho yalimjaa maji, akayazuia.

Mjomba alisimama. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nimemwona, alitaka kusema. Nimeona mkono wake, huyu mtoto hana kosa, mwiteni yule mzee mumkunje shati! Alifungua mdomo.

"Mjomba," mpwa akasema.

Alilisema hilo tu, akimtazama usoni. Mjomba akafunga mdomo. Alikaa chini. Miaka kumi na mitano alisema uongo bila kutoka jasho hata tone, na sasa kuukalia kimya ukweli kulimlowesha mgongo mzima. Siri ile haikuwa yake. Wala haikuwa ya mpwa wake, na ndiyo maana binti huyo alikuwa tayari kuimeza na kupoteza kila kitu chake. Moyo ulimuuma, na hapo hapo, jamani, ulimjaa fahari mpaka akashindwa kupumua sawasawa. Pale mbele yake alisimama daktari.

"Andikeni," mpwa akasema. "Mimi niko tayari."

Mama Kanuni akatoa kalamu. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Mkono wake ulikuwa mzito. Alikuwa ameandika tarehe tu mlango ulipofunguliwa.

Bwana Suti alikuwa amenawa uso, maji bado yanamchuruzika kwenye kola. "Subiri," akasema. "Kabla hujafuta. Ukurasa wa kwanza wa kitabu chako, kanuni ya tatu. Isome."

Mama Kanuni akafunua. "Mgonjwa akizidiwa mbele ya daktari," akasoma, "mtihani utasimama mara moja, na daktari atamhudumia mgonjwa."

"Naijua. Niliiandika mimi."

"Lakini, mheshimiwa, mgonjwa hapa alikuwa wa kuigiza."

"Wa kweli alikuwepo," Bwana Suti akasema.

Komanda alimtazama usoni, akatazama mikono yake, kisha ile miaka yake yote kazini ikamfikia kwa pamoja, akaelewa, akaweka kalamu chini taratibu. Mama Kanuni ndiye aliyechelewa, naye alikuwa na fomu.

"Sawa, kanuni ya tatu. Lakini lazima nijaze jina la mgonjwa aliyezidiwa, la sivyo haisimami."

"Hapana!" mpwa akaruka. "Usijaze. Afadhali nifutwe." Akamgeukia mzee. "Baba, si lazima. Tulikubaliana. Si lazima hata kidogo."

"Najua si lazima, daktari," akajibu. Tangu asubuhi alikuwa akiwaita wale wanne "vijana." Akaiomba kalamu, akainamia fomu, akaandika mwenyewe majina yake yote matatu. Mama Kanuni aliyasoma, akasoma tena, na kwa mara ya kwanza siku ile akakifunga kile kitabu.

"Na alama za kituo?" akauliza kwa sauti ndogo. "Arudie?"

"Arudie nini?" Bwana Suti akasema. "Alitakiwa amtambue mgonjwa anayedanganya. Mimi nimemdanganya mke wangu, nimewadanganya wenzangu kazini, nimelidanganya baraza zima, miaka mitatu. Nimejidanganya na mimi mwenyewe. Huyu amenishika kwa maswali manne." Akamgeukia mpwa. "Nani alikufundisha kuuliza namna ile?"

Mpwa hakutaja chuo wala kitabu. Alinyoosha mkono kuelekea kona, alikokuwa amekaa mtu mmoja peku, fulana imelowa, kwa kuwa kandambili zake zilikuwa bado miguuni mwa mtahini mkuu.

"Mjomba wangu," akasema. "Ndugu wa mama yangu."

Bwana Suti akavuka chumba, akampa mkono. Mjomba akasimama kuupokea, akataka kusema jambo la kuchekesha kama kawaida yake, jambo halikuja. Akalia. Alilia kwa sauti mbele ya watahini wa baraza, na hakutafuta pa kujificha.